Kode Iko Uvira, Viatu Viko Old Town

Jumatano. Mvua imekata, matope yamebaki.

Jambo wapendwa wangu, ninyi munaosomaka hapa. Muko wazima? Nyumba zenu, watoto, presha, magoti, vyote viko salama? Huku kwetu kambini Dzaleka, Malawi, tuko, Mungu anatulinda. Mbele ya mlango wangu mvua imeacha ziwa dogo na bata wa jirani wamehamia humo bila kuomba ruhusa. Mi nimeketi kando ya kitanda, miguu iko ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Nimerudi kutoka Lilongwe.

Ukiniuliza roho yangu iko namna gani, sitakudanganya. Inatetemeka.

Leo nataka kuandika juu ya viatu. Utasema: Mama Riziki, watu wanakimbia vita kule kwetu Congo, we unatuletea viatu? Ngoja kidogo. Nifuate polepole, nitafika.

Mungu aliniumba vizuri fasi zote, akafika kwenye miguu akasahau kusimama. Navaa arobaini na moja, na mbele mguu wangu umepanuka kama mwiko wa kupindua ugali. Hapa Malawi kiatu cha mwanamke cha namba hiyo sijakiona. Old Town ya Lilongwe nimezunguka maduka ya Wahindi, nimepindua ile milima ya mitumba ambayo wenyeji wanaiita kaunjika, hakuna. Wauzaji wananiangalia uso, wanaangalia chini, kisha wananinyooshea kidole upande wa wanaume.

Basi miaka hii yote naenda kanisani na sandali za wanaume. Na mi njo kiongozi wa wamama. Jumapili tukiingia na wimbo, mi natangulia: kitambaa cha kichwa kiko sawa, kikwembe cha kiunoni kiko sawa, na huko chini anatembea mzee wa kanisa. Mama Shukuru, jirani yangu, Mrwandese aliyepitia Congo mbele ya kufika hapa, hanionei huruma hata siku moja.

"Mama Riziki, juu we ni bibi arusi, chini we ni mlinzi wa usiku!"

Tunacheka. Lakini mwanamke ni mwanamke. Kuna Jumapili nilijificha nyuma ya benchi mpaka watu wote watoke.

Njo binti yangu Riziki aliyesema sasa basi. Riziki ni mtoto wangu wa kwanza. Tulipokimbia kutoka Fizi, yeye alikuwa Uvira kwa tantine wake, shangazi, anasoma. Akabaki. Akamaliza masomo, akawa mwalimu wa shule ya msingi kule kule. Hii blogu yenyewe ni yeye aliyenifungulia. Alisema: "Maman, ujumbe wako unakuwaka mrefu, simu yangu inajaa. Uandike pahali pamoja, nitakuwa nasoma Jumapili nikitoka kanisani."

Musinikasirikie, wapendwa. Ninyi wote nawapenda. Lakini tangu mwanzo nilikuwa naandikia mtu mmoja, ninyi mulikuwa munapita mukasikia.

Riziki alikuta duka moja ya mtandao, iko mbali kabisa, inauza viatu vya wamama wenye miguu ya baraka, na inatuma mpaka Malawi. Akataka kuninunulia. Zawadi. Akanionyesha picha: vyeusi, kisigino kifupi, mbele vipana, na kifungo kidogo pembeni. Niliangalia ile picha mpaka chaji ikaisha.

Hapo njo shida zilianza.

Mtu anayeishi kwao hawezi kujua. Kununua kwa mtandao ukiwa ugenini ni kama kusimama mpakani. Uko nani, unaishi wapi, namba ya nyumba, jina la barabara. Barabara yangu haina jina. Nilipojaribu mwenyewe niliandika ukweli: "Dzaleka, ukitoka bomba la maji pita nyuma ya kanisa, uliza kwa Mama Riziki." Duka ikakataa, ikasema niandike anwani ya kweli. Nikasali, nikaandika tena, nikaongeza "mlango wa bluu". Ikakataa. Na ile orodha yao ya miji, Lilongwe iko, Blantyre iko, Dzaleka haiko. Watu wote hawa, makanisa yote haya, kelele yote hii ya asubuhi, na hatuko.

Ikabidi Riziki ajaze yeye, kule Uvira, na mi namsikiliza kwenye simu. Akachagua Lilongwe, juu wakala wa ile duka ana ofisi Old Town, mi nitakwenda kuchukua. Akaandika namba yangu ya simu ya Malawi, duka ikaikataa, eti malipo yametoka Congo na simu pia itoke Congo. Akaweka ya kwake. Kisha duka ikauliza sentimita za mguu. Nikaanza kutafuta rula ndani ya vitabu vya watoto, Riziki akacheka.

"Maman, rula ya nini? Mguu wangu njo wako."

Ni kweli. Huyu mtoto hakuchukua sura yangu, hakuchukua sauti yangu. Alichukua miguu. Akavua kiatu, akapima mguu wake mmoja. Mmoja tu, juu ule mwingine haufai kupima. Sitaandika hapa ni upi wala haufai juu ya nini. Niko na sababu, utaiona chini.

Tukafika kwenye jina.

"Maman, kwa jina niweke nini?"

Sasa ninyi wa kwetu munajua. Mtoto hatajaki jina la mzazi wake. Riziki tangu azaliwe jina langu la kuzaliwa halijapita mdomoni mwake, na kuliandika pia kwake ni kama kunitukana. Mi mwenyewe sikufikiri mbali. Nikamjibu: "Weka Mama Riziki, nani asiyenijua?" Akaandika Maman Riziki, vile ananiitaka kwa Kifaransa chake cha shule. Akabonyeza. Ikakubali! Tukapiga vigelegele, mi huku, yeye kule, mpaka Mama Shukuru akatoka nje kuuliza nani ameolewa.

Ile ilikuwa mara ya mwisho tulicheka pamoja.

Kisha vita ikashuka Uvira.

Sitaeleza vita. Sisi tuliokimbia tunaijua kwa harufu, na wale ambao hawajaikimbia Mungu awaache hivyo hivyo. Ujumbe wake wa mwisho nimeusoma mpaka naujua kwa moyo: "Maman, tunasikia masasi yanalia upande wa Kavimvira. Niko na tantine. Utuombee."

Baada ya hapo kimya.

Napiga, na yule mama wa Kifaransa anayekaa ndani ya simu ananiambia mtu wangu hapatikani. Nimemzoea sauti. Siku zingine nimemchukia, kisha nimetubu, juu yeye ni mashine tu, hana kosa. Watu waliovuka Burundi wameanza kupigia ndugu zao hapa kambini. Simu ikilia katikati ya maombi hakuna tena anayekasirika. Tunageuka wote, tunaangalia mwenye simu, tunangoja uso wake utuambie. Wengine wameimba. Wengine wameanguka chini. Mi simu yangu inalia tu watu wanaotaka mandazi, juu njo kazi yangu, nauza mandazi asubuhi.

Nafikiria miguu yake. Uso wake siufikirii sana, ukinijia naufukuza. Ni miguu. Alitoka nyumbani amevaa nini? Hata Uvira ile namba haipatikani, naye alikuwa anaendaka kufundisha na sandali za wanaume. Toka Uvira mpaka mpakani si mbali, lakini kwa mtu anayekimbia ni mbali. Sandali inakatika kamba.

Na katikati ya kimya hiki, duka inaniandikia.

Inaandika kwenye email ya hii blogu, karibu kila siku, kwa furaha. "Habari Maman! Furaha iko njiani!" "Habari Maman! Mzigo wako umevuka mpaka!" Umevuka bila shida, mzigo. "Habari Maman! Umefika Lilongwe, unakungoja!" Watoto wangu wengine wananiita Mama. Maman ni Riziki peke yake. Duniani kote ni mtu mmoja alikuwa ananiita hivyo, na sasa ni duka.

Wiki iliyopita nilikwenda. Nilichukua kabaza, ile baiskeli ya kubeba watu, mpaka barabara kubwa, kisha minibasi mpaka mjini. Ofisi ni chumba kimoja, kaunta, benchi, na makatoni nyuma mpaka juu. Kwenye kaunta yuko msichana, jina lake limeandikwa kifuani: Chisomo. Kwa Kichewa ni Neema. Nikasema moyoni, asante Bwana, umenitangulia.

Akatafuta, akatoa katoni. Niliiona! Nilikuwa naweza kuigusa. Akaomba kitambulisho, nikatoa kadi yangu ya mkimbizi. Kadi inasema Wabiwa Nyassa. Akaangalia kadi, akaangalia katoni, akarudi kwenye kadi. Tuliongea kwa Kichewa changu cha sokoni, naandika kwa Kiswahili mupate kuelewa, ila amayi, yaani mama, naliacha vile.

"Amayi, huyu Maman Riziki yuko wapi?"

"Ni mi."

"Hapa wewe ni Wabiwa."

"Ni mi pia."

"Basi Maman ni jina lako, Riziki ni la baba yako?"

"Hapana, Riziki ni mtoto wangu."

"Kumbe! Basi aje yeye mwenyewe na kitambulisho chake."

Nikashika ukingo wa kaunta. Nyuma yangu watu kwenye foleni wakaanza kucheka chini chini, mwanaume mmoja akasema, "Huyu mama ni watu watatu." Chisomo hakuwa mbaya, alikuwa anafuata kazi. Akaniambia kuna njia nyingine. Duka inatuma namba za siri, wanaziita kode, kwa simu ya mtu aliyenunua. Nikisema hizo namba, nachukua katoni yangu, hata niwe na majina kumi.

Kode iko ndani ya simu. Simu iko Uvira.

Akabonyeza kompyuta itume tena. Akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Ikaandika: imetumwa. Tukangoja. Ikabaki pale pale, imetumwa, imetumwa. Foleni ikakohoa. Akaniambia "Zikomo, amayi," yaani asante, maana yake ondoka. Nikaondoka.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Baba Riziki ni fundi baiskeli, maneno yake ni machache kama nywele zake. Akasema, "Acha, vitarudi vilikotoka. Ni viatu tu." Nikasema sawa. Kisha nikatoka kumwaga maji, nikamkuta nyuma ya nyumba, amegeukia ukuta, simu iko sikioni, anamsikiliza yule mama wa Kifaransa mpaka mwisho.

Nikarudi ndani taratibu. Hajui kama nilimuona. Sasa akisoma hapa atajua.

Jana mchana email nyingine ikaingia. Mi Kiingereza changu ni cha kusalimia tu, kwa hiyo barua zao nazipitisha kwenye ile kitu ya simu inayotafsiri. Ikanipa hivi: "Habari Maman! Mzigo wako unapotea. Njoo kabla ya Ijumaa."

Unapotea.

Mama Shukuru alikuwa pale, amekuja kuchukua mandazi za watoto. Akaninyang'anya simu, akasoma na yeye.

"Unapotea namna gani? Katoni iko na miguu?"

Nilicheka. Kisha nikalia, na yeye akalia, tumeshikana pale mbele ya jiko mpaka mandazi zikaungua zote. Mungu anisamehe, nilikasirika kweli. Katoni ikipotea kuna mtu wa kuandika barua. Kuna tarehe, kuna ofisi, kuna msichana wa kubonyeza. Mtoto wa mtu akipotea, nani ananiandikia mimi?

Leo asubuhi nikaenda tena. Baba Riziki hakunizuia, alinishikia mwavuli mpaka kwa mwenye kabaza. Njiani baiskeli ikazama kwenye matope, nikashuka, nikavua sandali nikazibeba mkononi. Njo vile niliingia Old Town, mama mzima, matope mpaka kwenye kifundo, napita mbele ya maduka ya viatu. Vijana wa pale mlangoni wakanipigia kelele, "Amayi, karibu, viatu!" Wakaangalia chini. Wakanyamaza.

Chisomo akanitambua. "Amayi wa majina mengi! Umerudi."

Nikamwonyesha email. Akasoma kwa Kiingereza chake, akataka kucheka, akafunika mdomo. Akanieleza kwamba katoni haijapotea, ile pale, alinionyesha. Ni Kiingereza tu. Kwao kupotea na kumkumbuka mtu aliye mbali, neno ni moja, missing. Duka ilitaka kunichekesha, kusema viatu vinanikumbuka sana.

Mi sikucheka. Nilikaa kwenye benchi. Neno moja kwa mambo yote mawili. Nikawaza, hao Waingereza, mtoto wao akiwa mbali, wanajuaje wako kwenye lipi?

Watu walikuwa wachache juu ya mvua, kwa hiyo hakunifukuza. Nikapata nguvu, nikamuuliza.

"Mwanangu, mama yako, majirani wanamwitaje?"

"Amake Chisomo."

"Na kwenye kitambulisho chake wameandika Amake Chisomo?"

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akapiga kaunta kwa kiganja. "Amayi! Ungesema hivi tangu siku ile!"

"Siku ile ulikuwa umeshasema zikomo."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kumbe na wao wako hivyo hivyo, mama anaitwa kwa mtoto, ila sisi hatukujua kuulizana. Kisha akauliza, bila kicheko sasa, kama msichana anavyouliza juu ya msichana mwenzake: na huyo Riziki, yuko wapi? Kichewa changu ni cha bei na nyanya na mafuta. Lakini neno la vita nalijua. Nkhondo, nilimwambia. Uvira. Sijui.

Akasema mambo ya jina ameelewa, atamweleza mkubwa wake, hapo hakuna shida tena. Lakini kode lazima iandikwe, mashine haitoi katoni bila kode, na Ijumaa gari inakuja kuchukua vile ambavyo havikuchukuliwa. Akabonyeza tena itume. Alibonyeza kwa ajili ya kunifurahisha tu, niliona. Imetumwa, ikaandika. Nikaanza kufunga kitambaa changu vizuri ili niondoke.

"Amayi. Njoo uone."

Imefika.

Nilisoma mara mbili, nikamwomba asome yeye. Akanieleza polepole, kama mtoto wa shule. Imetumwa, maana yake imetoka hapa kwetu. Imefika, maana yake simu ya kule imeipokea. Simu ikiwa imezimwa haipokei kitu.

Simu ya Riziki imewashwa.

Nilitaka kupiga, vidole vikakataa. Chisomo akachukua simu yangu akapiga yeye, akaweka sauti ya juu, akailaza katikati ya kaunta. Yule mama wa Kifaransa hakusema kitu. Iliita. Wapendwa, nimeimba kwaya tangu utoto, sijasikia wimbo kama ule. Watu waliokuwa ndani wote walinyamaza, hata mzee mmoja aliyekuwa analalamika juu ya redio yake iliyoletwa imevunjika. Iliita mpaka ikaisha yenyewe.

Tukapiga tena. Ikaita kidogo, ikakatwa.

Haikukatika. Ilikatwa. Mi najua tofauti. Kuna kidole kilibonyeza.

Tukapiga mara ya tatu, yule mama akawa amerudi kwenye kazi yake.

Chisomo aliitoa katoni kwenye rafu ya vitu vya kurudishwa, akaiweka chini ya meza yake, kando ya mkoba wake. Akasema Ijumaa atasumbuana na dereva mpaka wa mwisho. Akanishika mkono kwa mikono miwili, vile wanafanyaka hapa kwa mtu mzima. "Zikomo, amake Riziki." Leo zikomo ilikuwa na maana nyingine. Na jina langu, kumbe kwa Kichewa pia linasikika vizuri.

Njia yote kwenye minibasi nilikuwa napigana na kile kidole. Ni chake? Labda chaji ilikuwa imebaki kidogo, akaogopa. Labda yuko fasi ambayo simu haitakiwi kulia. Labda hakuniona jina, rezo, mtandao wa simu, ni mbaya, akafikiri ni mtu mwingine. Au si chake. Vita ikifika, simu inabadilisha mikono kabla ya nguo. Kule kwetu tunajua hilo, wenye bunduki wanaanzia mfukoni. Nimesali kitu kimoja tu mpaka nyumbani, Bwana, iwe ni chaji. Sijawahi kuomba kitu kidogo hivyo kwa nguvu nyingi hivyo.

Baba Riziki alikuwa anaziba tairi la mtu. Nikamweleza nikiwa nimesimama, bado na matope.

"Iliita?"

"Iliita."

"Kabisa? Ile ya kuita?"

"Ile ya kuita."

Akaweka tairi chini. "Sema tena."

Nikasema tena, tangu mwanzo, pamoja na mzee wa redio. Kisha akaenda kunichemshia maji ya miguu, kitu ambacho katika ndoa yetu sikumbuki lini mara ya mwisho alifanya. Njo haya maji miguu yangu iko ndani.

Sasa naandika kile nilichokuja kuandika.

Hii blogu iko ndani ya ile simu. Riziki aliiweka mbele kabisa, picha ndogo ya kikapu cha mandazi. Ukiigusa tu inafunguka. Kwa hiyo mtu yeyote anayeshika simu ile anaweza kunisoma.

Wewe unayeshika simu, kama si Riziki, nakusalimia. Sikuulizi uliipata namna gani. Sikutukani. Zile namba zilizoingia leo si za benki, usizihangaikie. Zinafungua katoni ya viatu vya mama mzee, arobaini na moja, hata ukiviiba hutapata mnunuzi, mi nimetafuta mguu kama huu nchi nzima. Baki na simu. Nakuomba neno moja tu: mwenye simu ulimuona wapi, na alikuwa anatembea? Andika hata bila jina lako. Nitakuombea maisha yangu yote, na mi nikiomba naombaka kweli.

Na kama ni wewe, Riziki.

Usiniandikie "Maman niko salama" peke yake. Hayo hata mtu mwingine anaweza kuandika, na moyo wangu hautakubali, utaendelea kuuliza. Duka iko na kode yake, na mi niko na yangu. Niambie ni mguu gani ulipima siku ile, na juu ya nini ule mwingine haufai. Hapo nitajua kwamba ni kidole chako kilichokata simu, na nitakugombeza mpaka uchoke.

Ninyi wengine wote, kama uko Burundi, kama uko kwenye uwanja au shule wanakolala watu wa Uvira, angalia miguu. Binti mrefu, mweusi, miguu mikubwa, sandali za wanaume. Mwambie mama yake anamwandikia.

Maji ya beseni yamepoa. Simu nimeiweka kwenye chaji, sauti iko juu kabisa.

Jibu mbio, mwanangu. Hata kama Ijumaa imepita.